Kamba Nyembamba ya Ukulele

Kolwezi, Manika, tarehe 12 mwezi wa kwanza 2025

Manseba, mujomba wangu mupenzi,

Moyo wenu. Nakusalimia, mama anakusalimia, na Abigaëlle, mutoto wangu, anakusalimia. Sisi huku tuko. Mama Mado, dada yako, magoti inamusumbua, lakini mudomo haimusumbui ata kidogo: jana alifukuza muuza-mukate juu ya mukate ya juzi. Abigaëlle amepanda darasa la tano. Umeme inakuja wakati inataka. Vumbi ya makamyo imekuwa matope ya makamyo, njo habari ya Kolwezi. Na we? Unakula? Toka kilio ya mama Tshiamala, muke wako, nimekuandikia kidogo sana, najua, unisamehe. Telefone ingekuwa rahisi, lakini masikio yako na telefone habasikilizani, ulisema mwenyewe.

Sasa neno lenyewe. Unakumbuka mukono wangu wa kushoto, kisha ile ajali ya taxi-moto. Bidole mbili haikunjiki tena. Gitare ile ulinifundisha, shingo yake ni pana, siifikii. Ni miaka mbili sipigi. Na korale ya batoto pa parokia, ile nilianzisha mi mwenyewe na batoto kumi na moja, leo beko makumi ine, na nabaimbisha kwa makofi sawa mutu anafukuza kuku. Père, padri wetu, aliniambia wazi: kama kufika Pasaka sina chombo cha kubasindikiza, korale itaenda kwa Dimitri, yule wa klavie, kinanda ya umeme. Dimitri ni mutu muzuri, sina neno naye. Lakini korale ni yangu, Manseba. Bakiiondoa kwangu, sijui nitakuwa nani siku ya mungu, pa misa.

Basi nikanunua ukulele. Ni kagitare kadogo, kamba ine tu, ya nailoni, laini, shingo nyembamba: bidole yangu inaweza. Mupya kabisa, ndani ya karato, kasanduku kake. Nafika nyumbani, natengeneza sauti, ayi! Iko na kasoro. Kamba ya ine, ile ya juu kabisa, fasi ya besi penye gumba inatembea, baliweka kamba nyembamba! Inalia juu, sawa mutoto amekanyagwa. Nikailegeza ishuke, ikawa sawa kamba ya kuanika nguo. Nikairudisha kwa magazini. Muuzaji ananiambia: "Mama, njo vile inakuwaka." Njo vile inakuwaka! Nilimupa maneno pale pale, nikamuita mwizi, bantu balisimama kutazama. Akakataa kuipokea.

We njo ulinifundisha: gumba inatembea na besi, bidole ingine inacheza. Sasa gumba yangu itatembea wapi? Naituma kwako na Tata Ngeleka, dereva wa kamyo ya chumvi. Tengeneza, tafadhali. Pasaka ni tarehe makumi mbili ya mwezi wa ine.

Mwipwa wako,
Micheline


Kisenge, tarehe 5 mwezi wa pili 2025

Mwipwa wangu, mama Abigaëlle, mufukuza kuku wa Bwana,

Barua yako ilifika na matope juu, na Ngeleka naye alifika na matope juu. Alilala siku ine pa Kasaji, daraja ilikuwa chini ya maji. Nasalimia dada yangu Mado. Umwambie magoti ni ya kupiga nayo sala, asilalamike sana, mi nilizaliwa nyuma yake na siwezi ata kufunga kiatu. Huku Kisenge ni kimya. Ile mashini ya manganezi tuliyokuwa tunasikia muchana kutwa, sasa ndege banajenga ndani. Paa yangu inavuja upande mumoja, nilihamisha kitanda upande ule mwingine, basi kesi imekwisha. Unauliza kama nakula. Nakula. Mama Kankolongo, jirani, analeta bukari na sombe siku anakumbuka, na siku anasahau nakula mukate na chai, na mutu akikuambia nimekonda umwambie ni suruali imepanuka.

Sasa chombo chako. Nilifungua karato polepole, na kisu kidogo, sikupasua. Ee, harufu ile ya mbao mupya! Nilikaa nayo pa mulango. Kisha nusu saa kiwanja ilikuwa na bantu sita. Ata Tshilombo, ule tulikuwa naye kazini, hakukanyaga hapa toka kilio, alikuja na kiti chake mwenyewe pa kichwa. Tulicheka mpaka mama Kankolongo akaja kuuliza ni sikukuu gani.

Ile kamba nimeiona. Nimeitazama muzuri. Ulisema ni kasoro, basi kazi iko. Usihangaike na Pasaka, mukono huu ulifanya mengi. Lakini usitume mutu kuichukua bado. Kwanza uniandikie: batoto banaimba nyimbo gani? Sauti yao iko juu ao chini? Nani anaimba bibaya na haujui vile utamwambia? Andika yote, usifupishe. Karatasi haina haraka.

Mujomba wako,
Badibanga


Kolwezi, tarehe 2 mwezi wa tatu 2025

Manseba,

Moyo wenu. Tuko bazima. Mama amecheka juu ya suruali, kisha akasema "huyu hakuli." Nakutumia samaki ya kukauka na sabuni, Ngeleka anayo.

Unauliza nani anaimba bibaya. Ni mutoto wa Tata Ngeleka, na usimwambie baba yake. Anaimba kwa nguvu zote, macho imefungwa, sauti inaenda fasi yake peke yake. Sina moyo wa kumunyamazisha. Nyimbo ya Pasaka ni tatu, sauti iko juu, mbili za Kiswahili na moja ya Tshiluba ile tuliimbaka nyumbani ungali huku. Ile ya Tshiluba njo nataka kupiga na chombo. Nasikia tayari vile itakuwa, mwanzo gumba peke yake, kisha batoto banaingia.

Lakini Manseba, ni wiki saba imebakia. Jumamosi Dimitri alikuja pa repetisio ya nyimbo na klavie yake, "kutazama tu". Alitazama kwa saa mbili. Batoto balimuzunguka, kila mutu anataka kugusa. Nilikuwa nacheka na meno tu.

Kamba moja haiwezi kukaa mwezi muzima. Ngeleka anarudi kutoka kwako tarehe makumi mbili na tano. Mupe ukulele, ata kama kazi haijakwisha kabisa. Nakuomba.

Micheline


Kisenge, tarehe 24 mwezi wa tatu 2025

Mwipwa wangu,

Salamu kwako, kwa dada yangu, kwa mutoto. Aksanti ya samaki na sabuni. Samaki imekwisha, sabuni iko.

Mvua haijapata kunyesha namna hii. Muhogo ya mama Kankolongo imeoza ndani ya udongo. Mbuzi wa Tshilombo aliingia kanisani kwa misa na akakula maua ya altari, na katekista alimufuata na fagio mpaka nje, na bantu habakuweza tena kuimba. Mi sikuwa kule, baliniambia. Mguu wa Tshilombo umevimba. Tulizika Tata Kalombo, yule wa ofisi ya mishahara. Nimebakia na bantu wawili tu ba wakati ule.

Baridi inaanza asubuhi. Nimenunua mafuta ya taa.

Ile kazi yako iko njiani. Na mvua hii kole ya kubandika haikauki. Mbao inataka subira. Ngeleka aende tu, ataichukua safari ingine.

Badibanga


Kolwezi, tarehe 27 mwezi wa ine 2025

Tata Badibanga,

Moyo wenu. Tuko bazima.

Pasaka imepita. Ngeleka alishuka pa kamyo na mikono mitupu, na mi nilikuwa nimesimama pale pa parking toka saa kumi na mbili asubuhi. Nilikuwa nimefua kitambaa cha kuifunika. Siku ya Pasaka batoto baliimba na klavie ya Dimitri, na baliimba muzuri, njo iliniuma zaidi. Kisha misa Père aliniita akasema maneno matamu, "mama Micheline, pumzika kidogo sasa". Korale imekwenda. Bale makumi ine banapita mbele yangu sasa na banasema "bonjour mama" sawa banavyosalimia mutu yeyote.

Nataka unijibu neno moja. Kole ya nini? Mbao ya nini? Mi nilikuletea kamba. Ngeleka ananiambia aliona karato ndani ya nyumba yako, na ndani yake uliweka bitunguu. Bitunguu, Tata! Ukulele iko wapi? Kama uliuza juu ya njaa, sema uliuza. Ningekutumia chakula bila kuuliza. Lakini kunizungusha na mbuzi wa Tshilombo, wakati unajua nangojea nini, hapana. Sikukutazamia vile.

Mama hajui. Anafikiri ni barabara.

Micheline


Kisenge, tarehe 18 mwezi wa tano 2025

Micheline,

Salamu kwa bote.

Sikuuza. Mutu akisema niliuza, ni mwongo, na ata akiwa mwipwa wangu.

Ilivunjika. Ni toka tarehe makumi mbili na sita ya mwezi wa pili, muchana, mbele ya bantu. Ulitaka besi. Nilichukua waya ya frein, breki, ya kinga yangu, baiskeli ile ya kazini, nikatoa uzi moja moja, sawa tulivyofanya zamani wakati kamba ya magazini haikufika huku. Nikaiweka fasi ya ile nyembamba. Ikalia muzuri, nene, lakini ikameza sauti ya zile tatu. Basi nikabadilisha zote ine, nikaweka waya. Nikakaza. Bantu banatazama, mi nakaza. Mbao ya uso ikaanza kuinuka. Tshilombo analia "Badi, acha, inapasuka!" Mi sikusikia Tshilombo. Sikusikia na mbao. Micheline, mutu wa gitare, mbao inapasuka pa kifua chake, na hasikii! Kisha kile kijiti cha chini penye kamba inafungwa kikaruka, na kipande cha uso pamoja nacho, na kikapiga mama Kankolongo pa mukono. Bantu balienda moja moja. Tshilombo alichukua kiti chake.

Nilibandika mara tatu. Inatoka mara tatu.

Ulisema kamba ni kasoro, nikatoa kasoro. Njo ile tu. Sanduku ya byombo nimefunga na musumari. Usinitumie tena kitu, na usijisumbue kuandika.

Badibanga


Kolwezi, tarehe 10 mwezi wa sita 2025

Manseba wangu,

Moyo wenu, moyo wenu mara kumi. Toa ule musumari. Nakuomba, toa ule musumari mbele ya kusoma barua hii.

Sikiliza. Kisha kusoma maneno yako nililia, kisha nikaenda kwa Dimitri, juu ya mutu mwingine wa muziki sikuwa naye. Nilimweleza yote, kamba nyembamba, magazini, waya. Alikunja uso. Akachukua telefone yake, akanionyesha bantu banapiga ukulele, bazungu, beusi, bamama, kila rangi. Bote, Manseba! Bote kamba ya ine ni nyembamba. Dimitri anasema ukulele njo vile inafanywa, kamba ile ya juu inalia juu, na gumba haitafuti besi pale, inacheza na bidole ingine. Muuzaji alikuwa na haki. Alisema ukweli na mi nikamuita mwizi mbele ya bantu.

Hakukuwa na kasoro. Chombo kilitoka kwangu kizima. Mi njo nilituma mutoto muzima kwa lopitalo, na nikakuambia umupasue. Kuuliza si ujinga, na mi sikuuliza. Nilijua yote, mwalimu mukubwa. We ulifanya kile tu nilikuomba. Na juu yake nikakuita mwizi, we pia. Bantu wawili kwa chombo kimoja.

Jana nilienda kwa magazini kuomba musamaha. Muuzaji alisema "mama, imepita," akanipa kiti. Sasa naomba kwako. Nimepiga magoti kweli, pa sakafu ya chumba, Abigaëlle anauliza natafuta nini. Unisamehe, Manseba. Yote haya ni juu yangu. Korale imepotea juu yangu, ukulele imevunjika juu yangu, na masikio yako ilipata haya mbele ya bantu juu yangu. Sina usingizi. Andika tu neno moja, kwamba umenisamehe.

Mwipwa wako,
Micheline


Kisenge, tarehe 6 mwezi wa saba 2025

Micheline, mutoto wa dada yangu,

Salamu. Nimezeeka wiki hii.

Barua yako nilisoma mara mbili. Ya tatu sikuweza. Nilimupa mama Kankolongo asome kwa sauti, kisha nikamunyang'anya. Inuka pa magoti. Sitakusamehe, juu hakuna kitu cha kukusamehe.

Nilijua.

Nilijua siku ile ile nilifungua karato. Nikiwa na miaka makumi mbili nilifanya kazi pa Musumba, tulijenga ukuta ya nyumba ya bamisionari. Mama mumoja pale alikuwa na kagitare sawa kako, kamba ine, ya juu nyembamba, na jioni alitupatia tukapiga. Niliijua sawa najua kijiko. Ulipoandika "kasoro" nilicheka peke yangu pa mulango. Njo maana niliweza kuipiga siku ile, na bantu bakaja. Ilikuwa nzima. Niliipiga wiki tatu na kamba yake nyembamba, na ilikuwa tamu.

Utaniuliza juu ya nini sikusema. Nimetafuta uongo muzuri, sikuupata. Kama ningeandika "iko nzima, mujinga ni we", ungecheka, ungemutuma Ngeleka, na njo mwisho. Toka kilio ya Tshiamala ni miaka tatu, uliniandikia mara mbili, na moja ilikuwa juu ya karatasi ya kiwanja. Ile ya kasoro ilikuwa ndefu. Ulinieleza muuza-mukate, ulinieleza Dimitri. Nilitaka ingine. Njo nikakuuliza nani anaimba bibaya. Na wewe ukajibu!

Kisha nikawaza, nikiirudisha bila kuigusa, atasema Manseba hakufanya kitu, kazi yangu haitaonekana. Acha nitie mukono kidogo tu, besi moja, asikie ni mi. Yaliyobaki nilikuambia, na ile ni kweli yote, ata bitunguu.

Basi korale yako ni mi niliikula. Si muuzaji, si we, si masikio. Ningeituma mwezi wa pili ingefika. Nilikuona ukingojea pa kila barua, nikakuacha ungojee, nikakuandikia juu ya mbuzi. Na ulipojipigia magoti nilitaka kukuacha ata pale. Nilikaa na wazo ile siku tatu. Siombi kitu. Umwambie Mado ama usimwambie.

Badibanga


Kolwezi, tarehe 27 mwezi wa saba 2025

Manseba,

Moyo wenu. Mama anakusalimia. Nimemwambia. Alisema, "tulimuacha peke yake kule, sisi bote," na akaingia ndani, na hakutoka kula.

Mi nimekasirika. Sitakuandikia kwamba haizuru, inazuru. Kila siku ya mungu nakaa pa benchi ya nyuma na bamama, na Abigaëlle anaimba mbele na ananitafuta na macho, na mi nashusha yangu. Wewe ulijua. Nikifika pa neno ile naweka kalamu chini. Barua hii nimeianza mara tano. Ya kwanza ilikuwa ya matusi, uwe na furaha niliichoma.

Nilitaka kukupa azabu. Nilisema, nitanyamaza, aone. Kisha nikaona kwamba kunyamaza njo kitu kile kile nilikuwa nakufanyia miaka tatu, na sikuhitaji ata kukasirika. Ulisema nilikuandikia mara mbili. Nilitafuta kichwani ya tatu, nikitumaini umekosea. Haujakosea.

Sikusamehe leo. Labda mwezi wa kumi, labda Noeli, sijui, usiniulize kila barua. Ukulele ubaki nayo, usiibandike tena.

Lakini angalia muzuri karatasi hii, igeuze na nyuma. Hakuna kitu cha kutengeneza ndani. Sikutumi, sikuombi, hakuna kilichovunjika nataka ushone. Nimekuandikia, njo ile tu. Ngeleka anakaa Kisenge siku mbili, anangojea jibu yako, nimemwambia asiondoke bila. Uniandikie ata kama hauna kitu cha kusema. Uniambie ulikula nini.

Micheline